Shanga za Niagara: sanaa ya Wairoquois au bidhaa ya watalii?

Mwaka 1869 Mark Twain, akiwa ndio kwanza amejiunga na gazeti moja la Buffalo katika jimbo la New York, aliandika kichekesho kuhusu maporomoko ya Niagara. Msimulizi wake anawakuta "Wahindi Wekundu" wameketi kivulini wakitunga shanga na kushona viatu vya ngozi. Anawahutubia kwa maneno mazito ya riwaya za mashujaa wa porini. Nao wanamjibu kwa lafudhi ya Kiayalandi, wanampa kipigo, kisha wanamtupa majini. Anapomuuliza daktari kabila hilo linalotengeneza shanga za Niagara limetoka wapi, anaambiwa limetoka Limerick.

Kilichofanya watu wacheke ni kwamba shaka yenyewe waliijua. Karibu kila mtalii aliyefika Niagara aliondoka na kitu cha mahameli kilichojaa shanga: mto mdogo wa kuchomekea pini wenye umbo la moyo, kipochi cha mkononi, kofia ya mtoto, fremu ya picha, au mfuko wa kutundika ukutani wa kutilia barua na brashi za nguo. Muuzaji alimwapia kwamba ni kazi ya mikono ya Wairoquois. Je, ilikuwa kweli? Na hata kama ilikuwa kweli, kitu kilichoshonwa kipendeze sebuleni kwa bibi wa Boston kinaweza kuitwa sanaa ya Wairoquois? Swali la kwanza lina jibu jepesi. Vitu vya kughushi vilikuwepo, lakini sehemu kubwa ya kazi hizo ilitoka kweli katika vijiji vya Wairoquois, na vingi vya vijiji hivyo tunavijua kwa majina. Swali la pili limewagawa wataalamu kwa zaidi ya karne moja, na ndilo linalostahili wino.

Wairoquois wenyewe hujiita Haudenosaunee. Ni muungano wa mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Hawa wa mwisho walipokewa mnamo 1722, baada ya vita kuwang'oa North Carolina. Kabla ya Marekani kupata uhuru, muungano huu uliogopwa na Waingereza na Wafaransa sawia. Kisha mwaka 1779 George Washington akalituma jeshi la Jenerali John Sullivan, likachoma vijiji zaidi ya 40 pamoja na maghala ya mahindi na bustani za matunda. Mikataba iliyofuata ilimalizia kazi ya moto. Wengine walihamia Grand River nchini Canada, na waliobaki New York wakasukumwa kwenye vipande vya ardhi vilivyozidi kupungua. Mkataba wa Buffalo Creek wa 1838, uliopatikana kwa hongo na hila, nusura uwamalize Waseneca kabisa. Suluhu ya 1842 iliwarudishia baadhi ya ardhi, lakini Buffalo Creek yenyewe ikaenda.

Pigo hilo liliwaangukia wanawake kwa namna ya pekee. Kwa Wairoquois, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake, na mama wakuu wa koo ndio waliomteua chifu na ndio waliokuwa na uwezo wa kumvua uchifu. Waquaker waliofika kwa Waseneca mwaka 1798, wamisionari waliofuata, na maofisa wa serikali, wote walihubiri jambo moja: mwanamume ashike plau, mwanamke arudi jikoni. Aliyekuwa mwenye shamba akageuzwa kuwa mke wa mkulima. Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaoieleza biashara ya shanga kama dalili ya utamaduni unaokufa. Kwa mwanamke huyu, sindano ilikuwa njia ya kushika tena fedha yake mwenyewe, kwa kazi anayoipanga mwenyewe na kuiuza mwenyewe.

Soko nalo lilimfuata hadi mlangoni. Mfereji wa Erie ulifunguliwa 1825, reli zikafuata katika miaka ya 1830, na Niagara ikawa mahali pa fungate na pa kutembelewa na kila mwenye nauli. Hifadhi ya Watuscarora iko karibu na Lewiston, kilomita chache tu kutoka kwenye maporomoko. Mwezi Desemba 1813, Waingereza na washirika wao walipouteketeza mji wa Lewiston, Watuscarora waliwazuia kwa muda wa kutosha kuwawezesha wakazi wengi kukimbia. Mapokeo ya Watuscarora yanasema ndiyo sababu familia ya Porter, iliyokuwa na ardhi kando ya maporomoko, iliwapa wanawake wao ruhusa ya kuuza shanga pale. Jimbo lilipoitwaa ardhi hiyo mwaka 1885 kuwa hifadhi ya umma na kuvifagia vibanda vya wafanyabiashara, wanawake wa Tuscarora waliendelea kuonekana na meza zao.

Wamohawk wa Kahnawake, kijiji kilicho ng'ambo ya Mto St. Lawrence karibu na Montreal, walikuwa na mtindo mwingine wa biashara. Wao walisafiri. Familia nzima ilipakia masanduku ya shanga na kwenda Saratoga Springs wakati wa kiangazi, kwenye maonyesho ya kilimo, kwenye misafara ya wauza dawa, hata kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa. Wanaume wa kijiji hicho walijipatia sifa ya kupanda vyuma vya madaraja, na tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec lilipoporomoka likiwa bado linajengwa, 33 kati ya watu 75 waliokufa walikuwa wa Kahnawake. Si vigumu kuelewa kwa nini katika kijiji kama hicho kapu la shanga halikuwa mchezo wa kupotezea jioni.

Shanga zenyewe hazikutoka Marekani. Zilitengenezwa Venice na Bohemia, hasa eneo la Jablonec, kutokana na mirija myembamba ya kioo iliyokatwa vipande vidogo na kulainishwa kwa moto. Ni viwanda vya namna hiyohiyo vilivyojaza maghala ya Unguja katika karne ya 19. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alilazimika kuuliza ni ushanga upi unaokubalika Ugogo na upi Ujiji, kwa sababu ushanga usiopendwa ulikuwa mzigo mtupu. Jambo hili husahaulika mara kwa mara. Mzungu alileta kioo, lakini rangi na ukubwa viliamuliwa na mvaaji. Huko kwa Wairoquois pia, utungaji wa shanga ulitangulia kioo kwa mbali: shanga za magamba ya kombe, nyeupe na zambarau, zilishonwa mikanda ya kuhifadhi mikataba ya mataifa. Aliyeshika ushanga wa Venice kwa mara ya kwanza tayari alikuwa fundi.

Tuangalie kitu kimoja kwa karibu. Chukua mto wa pini wa aina ya kawaida, uliotengenezwa Kahnawake karibu na mwaka 1900. Juu una mahameli, labda ya zambarau au ya waridi kali. Chini una kitambaa cha pamba cha bei nafuu, kwa maana mnunuzi hatautazama upande huo. Ndani umeshindiliwa vumbi la mbao, na ndiyo sababu ukiushika unashangaa uzito wake. Kabla ya kushona, fundi alikata karatasi kwa umbo la jani au ua na kuishikiza juu ya mahameli. Kisha akatunga shanga kwenye uzi uliopakwa nta, akavusha mstari juu ya karatasi kutoka ukingo hadi ukingo, na kila mstari akautia shanga moja mbili zaidi ya zinazohitajika. Mstari ukakosa nafasi ya kulala. Ukainuka kama upinde. Akipanga mistari kumi na tano au ishirini ubavu kwa ubavu, jani linatuna kutoka kwenye kitambaa kiasi kwamba kipofu angelitambua kwa kidole. Mwishoni kuna vishada vya shanga vinavyoning'inia, na mara nyingi maneno: mwaka, jina la mji, au salamu ya bahati njema kwa Kiingereza.

Mbinu hiyo ya kutunisha shanga inahitaji hesabu na mkono uliotulia. Ukizivuta nyuzi kupita kiasi, jani linajikunja. Ukizilegeza, shanga zinalala ovyo. Wanawake wa Marekani wa tabaka la kati, ambao magazeti yao kama Godey's Lady's Book yaliwapa kila mwezi michoro ya kudarizi, walijaribu kazi za shanga wenyewe, na kwa hiyo walijua walichokuwa wanakinunua. Wengi walivutiwa na ufundi kabla ya kuvutiwa na hadithi ya porini.

Hapa ndipo wakosoaji wa zamani walipoona uchafu. Mto wenye umbo la kiatu cha kike cha Kizungu, kofia iliyoigwa kutoka kwa askari wa Kiskoti waliokuwa Canada, fremu ya picha: ni nini cha Kiiroquois humo? Jibu langu ni kwamba umbo lilikuwa la mnunuzi na uso ulikuwa wa fundi. Chukua tunda la stroberi, linalojitokeza mara nyingi kwenye vipochi na mito. Kwa mnunuzi lilikuwa pambo la kawaida la kikapu cha ushonaji, kwani vifuko vidogo vya kunolea sindano vyenye umbo la stroberi vilikuwa katika kila nyumba. Kwa Wairoquois, stroberi ni tunda la kwanza la mwaka, lenye sherehe yake mwezi Juni. Ndege nao, ambao Watuscarora waliwapenda sana kuwashona, walikuwa mapambo mazuri kwa mtalii. Katika simulizi ya asili ya dunia ya Wairoquois, ndege wa majini ndio waliompokea kwa mbawa zao mwanamke aliyeanguka kutoka angani.

Lakini tusipitilize. Wapo wachambuzi wa siku hizi wanaoona siri ya ulimwengu katika kila shanga, na mwanamke mwenye watoto watano wa kulisha angeweza kabisa kushona ndege kwa sababu tu ndege walinunuliwa upesi kuliko majani. Ukweli wa maana unavumilia yote mawili. Fundi aliyejua mnunuzi anataka nini, akachagua ndani ya matakwa hayo kile ambacho kwake pia kina uzito, alikuwa na akili mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Ni ujuzi ambao mchongaji wa vinyago au mtunga shanga wa Kimasai anayeuza kwa watalii Nairobi na Arusha anaujua vizuri, na shanga zake pia kwa muda mrefu zimetoka Jablonec.

Kwa mwenye jicho, kazi hizi si za aina moja. Vipochi vya awali, vya mwanzoni mwa karne ya 19, vina mistari ya kujipinda na kuba zinazofanana na mapambo ya nguo za zamani za Waseneca; shanga zake ni ndogo na zimelala bapa. Kuanzia katikati ya karne yakaja maua yaliyojaa kipochi chote juu ya mahameli nyeusi, mtindo wa Niagara. Baadaye Watuscarora wakabaki na shanga ndogo zinazopenya mwanga na ndege wao, wakati Wamohawk walienda kwenye shanga kubwa, mito mikubwa na rangi zinazopiga kelele. Bitana iliyochanika ikionyesha gazeti lililowekwa ndani kukaza kitambaa, mchunguzi hufurahi, kwa kuwa gazeti lina tarehe.

Makumbusho yaliingia katika habari hii mapema, na kwa mguu usio sawa. Kati ya 1849 na 1850 Lewis Henry Morgan, wakili wa Rochester, alilikusanyia jimbo la New York vitu vya Wairoquois, na mwaka 1851 akachapisha kitabu chake kuhusu muungano wao. Sehemu kubwa ya vitu hivyo aliipata kwa familia moja ya Waseneca wa Tonawanda, familia ya Parker. Binti wa nyumba hiyo, Caroline, alishona mwenyewe mavazi mengi ya mkusanyiko, na ipo picha yake ya wakati ule amevaa sketi iliyopambwa kwa shanga upindoni, mti wenye matawi ukipanda kutoka kona yake. Kaka yake, Ely Parker, ndiye aliyeandika kwa mkono wake masharti ya kujisalimisha kwa jeshi la Kusini kule Appomattox mwaka 1865. Caroline baadaye aliolewa na chifu wa Watuscarora, John Mountpleasant, akahamia karibu na Niagara.

Mfano huu unanifundisha mengi kuliko nadharia. Mwanamke yuleyule aliyeshona nguo ambazo Morgan aliziona kuwa utamaduni halisi alitoka katika jamii iliyokuwa ikiuza vipochi kwa watalii, akaenda kuishi katika jamii iliyokuwa kitovu cha biashara hiyo. Kitambaa chake kilikuwa cha kiwandani na shanga zake za Ulaya. Mpaka kati ya "halisi" na "ya watalii" uliwekwa na mnunuzi: kilichonunuliwa na msomi kikaenda kwenye kabati la kioo, kilichonunuliwa na bibi harusi kikaenda kwenye meza ya kujipambia. Mwaka 1911 moto ulipoteketeza jengo la serikali mjini Albany, sehemu kubwa ya mkusanyiko wa Morgan iliangamia. Mito ya pini ya watalii ikaendelea kuishi kwa maelfu katika masanduku ya mabibi na nyanya, bila kabati la kioo.

Mtazamo ulianza kugeuka hivi karibuni tu. Kitabu cha Ruth Phillips cha 1998 kuhusu vitu vya kumbukumbu katika sanaa ya wenyeji wa kaskazini-mashariki kiliwalazimisha wanahistoria wa sanaa kuacha kuona haya mbele ya bidhaa za watalii. Maonyesho ya Across Borders, yaliyoanza 1999 kwa ushirikiano wa makumbusho ya McCord ya Montreal na Castellani ya Chuo Kikuu cha Niagara pamoja na wenyeji wa Kahnawake na Tuscarora, yaliwaweka wenye kazi yao katika chumba cha maamuzi. Jolene Rickard, Mtuscarora na mwanahistoria wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Cornell, amekwenda mbali zaidi: kwake shanga ni kumbukumbu ya taifa lililokataa kufutwa. Neno zito, lakini ukikumbuka kwamba taifa lake lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1960 likijaribu kuokoa ardhi isichukuliwe kwa bwawa la umeme wa Niagara, na likashindwa, huwezi kulipuuza.

Hata hivyo sitaki kuipaka biashara hii rangi ya asali. Malipo yalikuwa madogo kulingana na saa zilizotumika, watoto walishirikishwa kushona, na muuzaji mara nyingi ilibidi avae manyoya na ngozi ambazo bibi yake hakuwahi kuvaa, ili mteja aamini. Faida kubwa ilibaki kwa wenye maduka. Leo pia, kipochi kizuri cha Waseneca cha mwanzoni mwa karne ya 19 kinapopandishwa bei kwenye mnada, fedha hubadilishana mikono kati ya wakusanyaji na madalali. Sheria ya Marekani ya 1990 inayoharamisha kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji huku si kweli inamlinda fundi aliye hai. Kwa aliyekufa haina la kusema.

Dhuluma iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko kwenye lebo. Fungua katalogi ya makumbusho mengi na utasoma kabila, mwaka wa kukadiria, aina ya kitambaa na jina la tajiri aliyekitoa kuwa zawadi. Penye jina la msanii kuna neno moja: hajulikani. Hajulikani kwa nani? Alijulikana kijijini kwake, alijulikana na aliyemuuzia shanga, na mkono wake ulitambuliwa na majirani kama mwandiko. Aliyenunua ndiye ambaye hakuuliza.

Hilo linaweza kurekebishwa, kwa sehemu. Kahnawake, Tuscarora na Grand River bado kuna wanaoshona kwa mbinu ileile ya karatasi na mistari iliyotunishwa, na wengi wao walifundishwa na bibi waliofundishwa na bibi. Makumbusho ya Marekani, Canada na Uingereza yenye mito na vipochi hivi kwenye ghala yawaalike wavifunue na kuvigeuza upande wa chini, yaziweke pembeni yake picha za zamani za familia, na yaandike majina yatakayopatikana kabla kizazi kinachoyakumbuka hakijaondoka. Pasipopatikana jina, lebo itaje kijiji na iseme wazi kwamba ni kazi ya mwanamke aliyekuwa akiendesha biashara yake mwenyewe.